Mbojo wa Singida: hulka ya mwuaji na msimu wa mauaji

Kati ya mwaka 1946 na 1948, maiti zilizookotwa mashambani na vichakani katika Wilaya ya Singida zilizua ubishi ambao haujaisha mpaka leo. Miili ilikuwa na majeraha yanayofanana na ya makucha. Wako waliosema ni simba tu, maana nyika ya Singida ya wakati ule haikukosa simba. Wanyaturu wengi, wenyeji wa wilaya hiyo, walisema ni mbojo: mtu-simba, na nyuma yake yuko mwenye mbojo, na nyuma ya mwenye mbojo yuko jirani aliyelipa. Serikali ya Kiingereza iliamua kuyaamini maneno hayo nusu. Ilikataa kwamba binadamu hugeuka mnyama, ikakubali kwamba waliokuwa wakiua ni binadamu. Polisi waliingia vijijini, kesi za mauaji zikafunguliwa, na wako waliohukumiwa kunyongwa. Isitoshe, jambo lenyewe halikuwa geni. Mnamo mwaka 1920 wilaya hiyohiyo iliwahi kutikiswa na vifo vya namna hiyo, kisha vikakoma, na kwa takriban miaka 25 mbojo akabaki kuwa habari ya kusimuliwa usiku.

Tuchukue mfano wa sehemu moja ya wilaya hiyo: Mwankoko, ambayo leo ni kata ya Manispaa ya Singida na inajulikana zaidi kwa visima vinavyoupatia mji maji, ilikuwa wakati huo sehemu ya nchi ya tembe zilizotawanyika, mashamba ya uwele na mtama, na mawe makubwa yaliyopandana kana kwamba yamepangwa kwa mkono. Habari za mbojo hazikuwa za kijiji kimoja. Zilikuwa za wilaya nzima. Ninaanzia Singida kwa sababu simulizi hii, tofauti na nyingi zinazotolewa katika vitabu vya elimu ya uhalifu, inatulazimisha kujibu swali gumu pasipo kukwepa: je, mwuaji ni mtu wa aina yake, mwenye hulka iliyomtenga na wenzake tangu mwanzo, au ni mtu wa kawaida aliyefikwa na jambo? Hoja yangu ni kwamba hulka ina nafasi yake, na nafasi hiyo ni finyu kuliko inavyodhaniwa. Inaweza kusaidia kueleza kwa nini Fulani alinyoosha mkono na jirani yake hakunyoosha. Haielezi kwa nini mauaji yalikuja mwaka 1920, yakalala robo karne, yakaamka 1946. Na kila mara watawala walipoitafuta hulka ya mwuaji badala ya kuutafuta ushahidi wa mauaji, waliongeza idadi ya walioumizwa.

Tuanze na maelezo ya wenyeji, maana yana akili kuliko walivyodhani maofisa waliokuwa wakiyaandika. Masimulizi yaliyokusanywa miaka ile, na ambayo A. W. Wyatt aliyagusia katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1950, yalimchora mbojo kama kiumbe asiye na nafsi yake. Alisemekana kuwa mtoto aliyeibwa au kuuzwa, pengine mwenye upungufu wa akili, akafichwa gizani, akaleweshwa kwa dawa, akafundishwa kutembea kwa miguu na mikono, akavikwa ngozi na kuwekewa makucha. Sitetei ukweli wa kila kipengele cha picha hiyo. Hadithi za namna hii hukua kila zinapopita kinywa hadi kinywa. Ninachotaka msomaji akitazame ni jinsi ilivyopangwa. Anayeua hana chuki na aliyeuawa, na kwa kweli hana hulka yoyote ya kuelezwa, kwa kuwa hulka yake imefutwa. Mwenye mbojo anafanya biashara. Aliyelipa ndiye mwenye kisa: mpaka wa shamba, urithi, ugoni, deni la ng'ombe, kisasi cha zamani. Naye ni nani? Ni mtu anayelima, anayechunga, anayehudhuria pombe ya jirani, pengine ni ndugu wa marehemu. Kikulacho ki nguoni mwako, na Wanyaturu walilijua hilo. Kwa hiyo katika maelezo ya wenyeji uhalifu umegawanywa kwa watu watatu, na yule ambaye elimu ya Ulaya ingekimbilia kumpima fuvu na akili ndiye mwenye hatia ndogo kuliko wote.

Visa vya kumfanya mtu alipe vilikuwa vingi, na havikuwa vya ajabu. Harold Schneider, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyeishi kwa Wanyaturu wa kundi la Wahi mwaka 1959 na 1960, ameeleza kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1970 jinsi uchumi wao ulivyofungamana. Uwele unahitaji samadi, samadi inahitaji ng'ombe, nafaka ya ziada hubadilishwa kwa ng'ombe, na ng'ombe huoa wake ambao nguvu zao huongeza nafaka. Mwenye mifugo hupata zaidi, na asiye nayo hukaa akihesabu mali ya mwenzake. Katika mzunguko kama huo shamba lililotiliwa samadi miaka kumi ni hazina, na kifo cha baba hufungua hesabu ambazo haziishi kwa kikao kimoja. Schneider huyohuyo alilirudia suala la watu-simba katika makala ya mwaka 1962 na kulipima upya. Nadhani alifanya vema kulirudia, kwa sababu ukisoma habari za mbojo bila kusoma habari za samadi na ng'ombe, utabaki na ngozi na makucha tu, na ngozi na makucha havielezi kitu.

Hapa yapo mashaka ya haki yanayopaswa kujibiwa kabla ya kuendelea. Je, tuna hakika kwamba palikuwa na mwuaji hata mmoja? Pengine walikuwa simba kweli, na Waingereza wakanyonga watu bure. Mashaka haya hayapuuziki. Kusini zaidi, katika Wilaya ya Njombe, kati ya mwaka 1932 na 1947 simba waliua watu wengi mno. Idadi inayotajwa mara nyingi ni 1,500. Huko nako wananchi waliamini kwamba simba wale wanaongozwa na mchawi, mtu aliyevuliwa cheo chake akaapa kulipiza. George Rushby, ofisa wa idara ya wanyamapori, aliwinda kundi hilo na kuua simba 15, na vifo vikakoma. Simba wa Njombe walikuwa simba. Utafiti wa Craig Packer na wenzake uliochapishwa mwaka 2005 ulihesabu watu zaidi ya 563 waliouawa na simba nchini Tanzania tangu mwaka 1990, wengi wakati wa mavuno, watu wanapolala mashambani kulinda mazao dhidi ya nguruwe. Helge Kjekshus naye, katika kitabu chake cha mwaka 1977, alionyesha jinsi magonjwa ya mifugo, njaa na vita vya mwanzo wa ukoloni vilivyowapokonya watu udhibiti wa ardhi yao, vichaka vikarudi, na wanyama wakarudi pamoja na vichaka. Singida haikuwa nje ya historia hiyo.

Kwa hiyo jibu la uaminifu ni kwamba baadhi ya vifo vya 1946 vinaweza kuwa kazi ya simba halisi, na kwamba simba halisi humpa mwuaji pazia zuri kuliko yote. Anayetaka kuua ndugu yake katika wilaya isiyo na simba ana kazi ya kuficha maiti. Katika wilaya ambayo simba wanaua, maiti hujieleza yenyewe. Hili si jambo dogo kwa hoja yetu. Linaonyesha kwamba hata namna ya mauaji haikutoka ndani ya kifua cha mwuaji. Ilitoka katika nchi iliyomzunguka, katika vichaka, katika imani ambayo kila mtu aliijua, na katika hofu iliyowafanya mashahidi wanyamaze.

Sasa tuitazame kalenda. Wimbi la kwanza linaangukia mwaka 1920. Miaka minne ya vita kati ya Waingereza na Wajerumani ilikuwa imepita juu ya Tanganyika ya kati. Wanaume walichukuliwa kuwa wapagazi na pande zote mbili, ng'ombe na nafaka vikanyang'anywa, mvua zikakosekana, na njaa ambayo Wagogo, majirani wa Wanyaturu, waliiita Mtunya ikasaga watu kati ya mwaka 1917 na 1920. Homa ya mafua ya mwaka 1918 ikamalizia waliodhoofika. Wimbi la pili linaanza mwaka 1946. Vita nyingine ilikuwa imekwisha mwaka mmoja kabla. Watanganyika zaidi ya 80,000 walikuwa wameingia jeshini, wengine wakapelekwa kwa nguvu kwenye mashamba ya mkonge, na katikati ya vita nchi ilikuwa imeonja njaa tena. Mara zote mbili watu walirudi nyumbani na kukuta mashamba yana mikono mipya, mifugo imepungua, wazee waliokuwa wakisuluhisha wamekufa au wamegeuzwa watumishi wa serikali, na madai ya miaka mingi hayana pa kusikilizwa. Hulka za watu hazibadiliki kwa namna hiyo. Kama Singida ilikuwa na watu katili kwa asili, walikuwepo pia mwaka 1930 na mwaka 1938, wakila na kulala kama wengine. Kitu kilichobadilika ni wingi wa visa na uchache wa mabaraza.

Anayeamini nguvu ya hulka hatakubali kushindwa hapa, na ana haki ya kuleta mashahidi wake bora. Sitamlazimisha amlete Cesare Lombroso, daktari wa Italia ambaye mwaka 1876 alidai kwamba mhalifu hutambulikana kwa taya, masikio na paji la uso. Huyo alizikwa mapema: mwaka 1913 Charles Goring, daktari wa magereza ya Uingereza, alitoa matokeo ya kupima wafungwa wapatao 3,000, na hakukuta ile sura ya mhalifu aliyoitaja Lombroso. Mashahidi wazito ni wengine. Mjini Philadelphia, Marvin Wolfgang na wenzake walifuatilia wavulana 9,945 waliozaliwa mwaka 1945, wakakuta kwamba 627 tu kati yao, kama asilimia 6, walihusika na zaidi ya nusu ya makosa yote ya rika hilo yaliyoandikwa na polisi. Huko Dunedin, New Zealand, watoto 1,037 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973 wamefuatiliwa tangu utotoni hadi utu uzima. Terrie Moffitt, Avshalom Caspi na wenzao walionyesha kwamba mtoto aliyeshindwa kujizuia kati ya umri wa miaka 3 na 11, mwenye papara na asiyeweza kungoja, alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na hatia mahakamani alipofika miaka 32, hata ukiondoa tofauti za akili na za kipato cha wazazi. Huu si ushahidi wa kubeza. Mzazi yeyote mwenye watoto wawili anajua kwamba hawakuzaliwa na moto uleule.

Lakini utafiti wa Dunedin unalinganisha nani na nani? Unawalinganisha watoto wa mji mmoja, wa miaka miwili, waliokulia chini ya sheria zilezile, polisi walewale na soko lilelile la ajira. Wote wanasafiri katika mkondo mmoja wa wakati, na hulka inapanga nani atakuwa mbele na nani nyuma. Mpangilio huo ni wa kweli, na bado haukuambii mkondo wenyewe unakwenda kasi gani. Chukua ukali wa kila mwanamume wa Singida mwaka 1938 na uupange kutoka mdogo hadi mkubwa. Fanya hivyo tena mwaka 1947. Yawezekana kabisa majina ya juu yakawa yaleyale. Hata hivyo mwaka mmoja una maiti na mwingine hauna. Watafiti wanaoshughulika na watu wasio na huruma wala majuto, wale ambao Robert Hare wa Kanada alitengenezea kipimo maarufu, hukadiria kuwa ni kama mtu mmoja katika mia katika jamii kwa jumla, na kwamba hata katika magereza ya Amerika Kaskazini ni kati ya asilimia 15 na 25 tu ya wafungwa. Maana yake ni kwamba walio wengi gerezani hawamo katika kundi hilo, na kwamba kila kijiji chenye watu elfu moja, Mwankoko ikiwemo, kingetarajiwa kuwa na watu kumi wa aina hiyo wakati wote, wa amani na wa mashaka. Kwa kawaida watu hao kumi huishia kuwa wadanganyifu wa mnadani, wakopaji wasiolipa na waume wakorofi. Ili mmoja wao awe mwenye mbojo, ilibidi kwanza wawepo wanaotaka kulipa.

Pingamizi la pili lina makali zaidi. Mtu anaweza kusema: mauaji ya Singida yalikoma mwaka 1948 baada ya kesi na hukumu za kifo; waliokuwa na roho ya kuua waliondolewa, na wilaya ikatulia; je, huo si uthibitisho kwamba tatizo lilikuwa watu wachache wenye hulka mbaya? Nalikubali pingamizi hili hadi nusu. Ikiwa palikuwa na biashara ya kuua, basi kuwakamata wafanyabiashara kunaua biashara, na hilo ni kweli kwa biashara ya mbojo kama lilivyo kweli kwa biashara ya pembe. Lakini biashara hufa pia kwa kupanda kwa hatari yake. Aliyekuwa na kisa cha shamba mwaka 1947 aliona jirani akichukuliwa na polisi, akajua kwamba maiti yenye makucha haisemi tena "simba" mbele ya bwana shauri, yaani mkuu wa wilaya. Kisa chake hakikufa, roho yake haikutakasika. Hesabu yake ndiyo iliyobadilika. Tena wimbi la mwaka 1920 nalo lilikoma. Kama kuondolewa kwa watu wabaya ndiko kulikoleta amani ya baada ya 1920, ni vigumu kueleza walikotoka wengine mwaka 1946, isipokuwa tuseme kwamba hulka ya kuua hulala katika jamii nzima ikingoja masharti yake. Na hiyo, ukiitazama vizuri, ndiyo hoja yangu.

Inafaa kutaja kwamba Singida haikuwa peke yake. Katika miaka hiyohiyo, kati ya 1945 na 1948, kusini-mashariki mwa Nigeria polisi walikuwa wakichunguza vifo vilivyosemekana kuwa vya watu-chui, na zaidi ya watu 70 walinyongwa. Mwanaanthropolojia David Pratten, aliyekichunguza kisa hicho kwa kina, alikuta nyuma ya ngozi ya chui madeni, mahari, kesi za ndoa na ugomvi wa mamlaka ya baada ya vita. Singida na Nigeria hazikuwa na uhusiano wowote. Mnyaturu na Muibibio, mwenyeji wa eneo hilo la Nigeria, hawakuwahi kukutana wapeane hulka. Walichofanana ni kutawaliwa na Mwingereza mmoja, kutoka katika vita moja, na kuwa na mahakama zilizokuwa mbali na visa vyao.

Sasa tuje kwa watawala, maana hapa ndipo fikra kuhusu hulka ilipoacha kuwa nadharia ikawa hatari. Sheria waliyoileta Waingereza ilikuwa na busara katika sehemu moja na upofu katika nyingine. Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872, iliyotumika Tanganyika mpaka nchi huru ilipotunga ya kwake mwaka 1967, ilisema kwamba tabia mbaya ya mshtakiwa kwa kawaida si ushahidi kwamba alitenda kosa. Hakimu anapaswa kuuliza nini kilifanyika usiku ule, na si mtu huyu ni wa namna gani. Lakini Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ilimruhusu mkuu wa wilaya kumchunguza mtu anayeshukiwa uchawi na, akipata idhini ya juu, kumwamuru akaishi mahali pengine. Hapo hapakuhitajika maiti wala makucha. Ilitosha mtu kuvumishwa. Hivyo sifa mbaya iliyofungiwa nje ya mlango wa mahakama ilipitishwa dirishani katika ofisi ya bwana shauri. Sheria hiyo ingalipo katika vitabu vyetu mpaka leo, ikiwa Sura ya 18.

Upande wa Kenya fikra hiyohiyo ilivaa koti la daktari. J. C. Carothers, aliyesimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari jijini Nairobi, aliandika kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani mwaka 1953 kwamba akili ya Mwafrika inafanana na ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya Kenya ilichapisha kijitabu chake kuhusu saikolojia ya Mau Mau, ambamo uasi ulielezwa kwa wasiwasi na hulka ya Mkikuyu aliyekwama kati ya mila na usasa. Ardhi iliyochukuliwa na walowezi ilipata nafasi ndogo mno. Frantz Fanon, daktari wa akili mwenyewe, alimshambulia Carothers waziwazi mwaka 1961. Kwangu kosa kubwa la Carothers si ukali wa maneno yake. Ni kwamba alichukua kipimo cha mtu mmoja mmoja akakivika kabila zima, kisha akakitumia kueleza tukio lililoanza katika miaka mahususi kwa sababu mahususi. Kama hulka ya Mkikuyu ndiyo iliyoleta Mau Mau, ilikuwa wapi mwaka 1935?

Mtu asidhani kwamba ugonjwa huo uliondoka na bendera ya Mwingereza. Kaskazini-magharibi mwa Singida, katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza, uhuru ulikuta na kuendeleza wimbi jingine. Kati ya mwaka 1970 na 1984, kwa hesabu za serikali zilizotumiwa na mtafiti Simeon Mesaki, watu 3,693 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi; wanawake walikuwa 2,286. Sehemu kubwa ilitokea Usukumani, yaani katika mikoa hiyo. Msomaji wa habari za mbojo atashtuka kwa kufanana kwake. Huko nako yupo anayelipa, mara nyingi ndugu au jirani mwenye kisa cha ugonjwa, kifo au shamba. Na yuko anayelipwa, mkata mapanga, asiyemjua bibi kizee anayemwua. Tofauti ni kwamba Usukumani hulka ilitumika upande wa pili: aliyesomwa tabia yake hakuwa mwuaji, alikuwa mwathirika. Bibi mkali wa maneno, mpweke, mwenye macho mekundu kwa moshi wa miaka mingi ya kupikia samadi, alitambuliwa kuwa mchawi kwa namna alivyo. Kijiji kizima kilifanya kazi ya Lombroso bila kumsoma.

Na serikali ilipoingilia, ilifanya kazi hiyohiyo kwa nguvu ya dola. Mwaka 1976 operesheni ya vyombo vya usalama iliwakusanya watuhumiwa wengi wa Mwanza na Shinyanga, waliotajwa zaidi kwa sifa zao kuliko kwa ushahidi, na baadhi yao wakafa kwa mateso mikononi mwa waliowashika. Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa kubeba dhamana ya vifo hivyo ingawa hakuvitenda, na baadhi ya maofisa walishtakiwa na kuhukumiwa. Tendo la Mwinyi hukumbukwa kama mfano wa uwajibikaji, na ni haki likumbukwe. Kinachosahaulika ni kwamba mauaji ya Usukumani hayakupungua kwa operesheni ile. Wauaji, ambao katika fikra za waliopanga operesheni walikuwa kundi la watu wa aina fulani wanaoweza kuzolewa, waliendelea kuzalishwa na visa vilevile.

Mfano wa mwisho unatoka mlima Elgon, upande wa Uganda, kwa Wagisu, ambao kwa muda mrefu walitajwa kuwa na kiwango cha juu sana cha mauaji katika Afrika ya Mashariki. Suzette Heald, katika kitabu chake cha mwaka 1989, anaonyesha kwamba Wagisu wenyewe hukuza ukali kwa makusudi: kijana anapotahiriwa hutakiwa kuonyesha hasira ya kiume, na baadaye hutakiwa kuitawala. Lakini Heald anaonyesha pia kwamba waliouawa mara nyingi walikuwa watu ambao jamii imekwisha kuwabandika jina la mwizi au mchawi. Mtu akishabandikwa, kumwua hakuonekani tena kama uhalifu bali kama kusafisha. Huu ni mzunguko wa kuogofya: imani kwamba kuna watu wabaya kwa asili inazaa mauaji, na mauaji yanasomwa kama ushahidi kwamba watu wa pale ni wakali kwa asili.

Bado liko lalamiko moja, nalo hutolewa na watu wenye nia njema: kwamba kueleza mauaji kwa njaa, vita na kukosekana kwa mabaraza ni kumtetea mwuaji. Silikubali. Aliyelipa ili ndugu yake afe mwaka 1947 alijua anachofanya, na majirani zake kadhaa wenye njaa ileile na kisa kilekile hawakulipa. Mbele ya mahakama anasimama yeye, si mwaka wa ukame. Lakini mahakama inauliza nani alitenda, na historia inauliza kwa nini watendaji walikuwa wengi wakati ule na wachache wakati mwingine. Anayetumia jibu la swali la kwanza kujibu la pili huishia kupendekeza kwamba wilaya isafishwe watu, na tumeona kusafisha huko kunafanana na nini.

Sheria yetu ya leo, kwa bahati, ina mahali ambapo swali la akili ya mshtakiwa linaulizwa kwa upole na kwa mipaka. Mshtakiwa wa mauaji mkoani Singida akidaiwa kuwa na ugonjwa wa akili, mahakama yaweza kuamuru apelekwe Isanga, Dodoma, kitengo cha Hospitali ya Mirembe kinachowashughulikia watu wa namna hiyo. Madaktari wa huko hawaulizwi kama ni mtu mbaya, wala kama ukoo wake una damu ya kuua. Wanaulizwa jambo moja linalotokana na Kanuni ya Adhabu: wakati wa tendo lile, je, ugonjwa ulimzuia kuelewa anachofanya, au kujua kwamba hakupaswa kukifanya, au kujizuia? Jibu lao linamhusu mtu mmoja na saa moja ya maisha yake, na mahakama ikishalipokea inalipima pamoja na ushahidi mwingine wote.